Mama mkwe na kuku wa Peru: Shangazi anajibu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mkaza mwana, naishi Wheaton, Maryland, na mume wangu na watoto wetu wadogo wawili. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Korogwe na atakaa mpaka baridi ianze. Kwenye kona ya mtaa wetu kuna duka la kuku wa Peru, moshi wake unafika mpaka kituo cha basi. Kila tukipita mama anauliza, "Humu mbona hatuingii?" Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuingia. Foleni ndefu, watu wanasema Kihispania, ubao umejaa maandishi, na kila mtu anaonekana anajua anachotaka. Mume wangu yuko zamu ya usiku na mchana analala, kwa hiyo nitampeleka mimi. Niagize nini? Tukae au tubebe? Bakshishi je? Na mama ni mtu wa swala tano, nataka kujua habari ya uhalali. Nisaidie nisiaibike mbele ya mkwe wangu.
Mkaza mwana, Wheaton

Marahaba mwanangu. Mfikishie mama salamu, mwambie Shangazi wa kwenye gazeti ni mtu wa Muheza, jirani yake.

Ninalolishikilia kuliko yote ni hili: kaeni mle dukani, msibebe. Najua wengi mtaani kwenu wanachukua mfuko na kuondoka, hasa jioni wakitoka kazini. Lakini kuku wa Peru huchomwa akizungushwa, na utamu wake uko kwenye ngozi. Amekaa mbele ya mkaa saa nzima au zaidi, mafuta ya chini ya ngozi yameyeyuka na kumpaka kila anapogeuka, chumvi na binzari vimeshikana juu, na ngozi imekauka ikawa nyembamba ya kuvunjika ukiibonyeza. Sasa mtie kwenye kasha la plastiki ufunike. Mvuke hauna pa kutokea, unarudi kuwa maji, unailoweka ile ngozi. Mkifika nyumbani ladha ya viungo ipo, lakini ngozi imelegea, na mama atakuuliza huyu kachomwa au kachemshwa. Mgeni aliyetoka Korogwe mpaka Maryland anastahili kuku aliyetoka motoni dakika hiyo hiyo.

Kwa hiyo chagueni saa vizuri. Nendeni Jumamosi au Jumapili mchana, saa saba hivi, wakati watu ni wengi. Usiiogope ile foleni, ndiyo dhamana yako. Palipo na foleni kuku hawakai, wanashushwa na kukatwa papo hapo. Saa tisa au saa kumi, duka likiwa tupu, unaweza kupewa aliyekaa kwenye kabati la joto tangu mchana, na huyo kidari chake kimeshakuwa kikavu. Ukiona tanuri halina kuku wanaozunguka na kabati limejaa, agiza paja, maana paja huvumilia kusubiri, kidari hakivumilii.

Mkiingia, msikimbilie kaunta. Simameni kando kwanza, mama aone tanuri. Katika maduka mengi liko wazi, nyuma ya kaunta tu: vyuma virefu vimechomekwa kuku wamebanana, mabawa yamekunjwa, miguu imefungwa, na vyuma hivyo vinapanda na kushuka huku kila kimoja kikijizungusha. Mafuta ya kuku wa juu yanadondokea wa chini. Mkaa uko pembeni au nyuma, hauko chini yao moja kwa moja, ndiyo maana huoni miali ikiruka na kuwaunguza. Halafu mtazameni mkataji. Anavaa glavu nene, anachomoa chuma, anawasukuma kuku kwenye gogo la kukatia, anashika kisu kipana. Pigo la kwanza linapita katikati ya kidari mpaka mgongoni, anazigeuza zile nusu mbili, pigo jingine kila nusu kati ya paja na kidari, na kuku ameshakuwa robo nne kabla hujamaliza kusoma ubao. Mchuzi unatiririka kwenye gogo. Mama yeyote aliyepasua kuku maisha yake yote atapenda kumwona mtu huyu akifanya kazi, na hakuna atakayewafukuza.

Kuagiza sasa. Kuku huuzwa robo, nusu au mzima. Robo ziko mbili: ya nyama nyeupe, yaani kidari na bawa lake, na ya nyama nyeusi, yaani paja na mguu. Wewe, mama na watoto wadogo wawili, chukueni kuku mzima mmoja na vya kulia viwili vikubwa. Mzima atawatosha, na mtapata sehemu zote bila kugombania. Kule Peru kwenyewe kuku huyu huja na chipsi na saladi, basi. Huku Maryland jikoni kuna mikono ya Wasalvador na watu wa nchi nyingine za Amerika ya Kati, kwa hiyo ubaoni mtakuta pia wali, maharage, ndizi mbivu za kukaanga na muhogo wa kukaanga. Chukueni muhogo na ndizi. Mama asiyekula "vitu vya ajabu" ataona sahani ya nyumbani mbele yake. Muhogo asili yake ni huko huko Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioubeba mpaka Afrika, kwa hiyo Wabondei wa kwetu Muheza na watu wa Lima, mji mkuu wa Peru, wanakula mmea mmoja. Mwambie ajaribu na atoe hukumu yake. Mzuri umepasuka pasuka pembeni, nje mkavu, ndani unafumka. Ukija na nyuzi ngumu katikati, mna haki ya kusema.

Pamoja na kuku mtapewa vikopo vidogo vya mchuzi, mara nyingi wa kijani na mweupe au wa njano. Mweupe na wa njano ni wa mayonezi, mara nyingi wa upole. Wa kijani una pilipili ya kweli, na ukali wake hutofautiana duka hadi duka. Chovya ncha ya chipsi kwanza kabla hujamwekea mama au mtoto.

Kuna mambo mawili ya adabu za kwetu uyafikirie mapema. Kwanza, maji ya kunawa. Hakuna birika wala beseni litakalopitishwa mezani. Mpeleke mama kunawa chooni kabla hamjakaa, na baada ya kula tena, kwa sababu kuku huyu huliwa kwa mikono na karatasi za kufutia hazitoshi. Kula kwa mikono mle hakumshangazi mtu, meza ya pembeni nao mikono yao imelowa mafuta. Pili, firigisi. Mama atamgeuza kuku aitafute, maana kwetu kuku anayeletwa mbele ya mgeni bila firigisi ni kuku aliyeibiwa. Mwambie mapema kwamba kuku wa huku wanaletwa wamesafishwa, hawana firigisi, hawana kichwa wala nyayo za miguu, na wewe hukumnyima. Ikiwa mume wako amezoea kupewa yeye, basi mezani siku hiyo hakuna mkubwa, kila mtu ana robo yake.

Kinywaji: kuna soda ya njano inaitwa Inca Kola, ya Lima tangu 1935, tamu sana, watoto wataipenda. Mama muagizie chicha morada. Ni mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, kisha sukari na ndimu. Haina kileo. Ukinusa utapata karafuu kabla hujaionja, na mtu wa Tanga harufu hiyo haimpiti.

Malipo hufanyika kwanza, hapo hapo kwenye foleni, halafu unasubiri namba yako. Bei ya ubaoni siyo utakayolipa: Maryland inaongeza kodi ya mauzo ya asilimia 6. Bakshishi kwenye duka la kujihudumia si lazima. Mashine itakugeuzia kioo kikuulize asilimia ngapi, na una ruhusa ya kubonyeza sifuri bila kuinamisha kichwa. Mimi huacha dola moja au mbili kwenye kopo, kwa ajili ya yule mkataji. Na lugha isikutishe. Ukiingia sema "buenas tardes", kisha endelea na Kiingereza chako, nao wamekizoea.

Uhalali nimeuacha mwisho kwa sababu unahitaji umakini. Usidhani tu. Maduka mengi ya kuku wa Peru hayatumii kuku wa halali, ila yapo yanayotumia, hasa upande wa Virginia Kaskazini, nayo huandika mlangoni au kwenye ubao. Hata ukiona maandishi, uliza mambo matatu. Kama kuku wote ni wa halali au baadhi tu. Kama kwenye viungo vya kulowekea kuna bia, kwa sababu mapishi mengi ya kuku huyu hutia bia nyeusi. Na kama mafuta yanayokaangia muhogo hukaangia nguruwe pia: Wasalvador wana chakula chao cha muhogo na nyama ya nguruwe ya kukaanga, na duka lenye chakula hicho huenda lina karai moja. Maharage nayo huungwa kwa mafuta ya nguruwe mahali pengine. Uliza kabla ya siku yenyewe, pita peke yako au piga simu, usimsimamishe mama kwenye foleni huku unahoji. Hukumu ya lipi linafaa na lipi halifai si yangu, ni ya mama mwenyewe na masheikh wake. Kama duka la kona halikidhi, endesheni mpaka lile linalokidhi. Safari ya nusu saa kwa ajili ya utulivu wa moyo wa mkwe wako ni safari fupi.

*

Shangazi, salaam. Kijana wangu aliyeko Virginia ananitumia picha za "kuku wa Peru" kila wiki. Mimi nimefundisha historia, na nimesoma mahali kwamba aliyemwanzisha ni Mzungu wa Uswisi. Sasa ni wa Peru au si wa Peru?
Mwalimu mstaafu, Dodoma

Salaam mwalimu. Ulichosoma ni kweli, na bado ni wa Peru.

Roger Schuler alikuwa Mswisi aliyefuga kuku Santa Clara, mashariki ya Lima. Mwaka 1950 alifungua hapo mgahawa wa La Granja Azul. Inasimuliwa kwamba biashara ya kuku ilikuwa imemwelemea, akaamua kuwachoma kwa mkaa na kuweka tangazo: kula kuku kadiri utakavyo kwa soli tano, fedha ya Peru. Walikuja matajiri wa Lima kwa magari yao, wakala kwa mikono. Kuku alitiwa chumvi tu. Wateja walipozidi, kugeuza kuku kwa mkono kukashindikana, akamwendea Mswisi mwenzake, Franz Ulrich, aliyekuwa fundi wa vyuma. Ulrich ndiye aliyebuni mtambo wa kuzungusha kuku wengi kwa pamoja.

Lakini mwalimu, angalia kilichotokea baadaye. Chakula kilitoka kwa matajiri kikashuka mitaani, na kila jiko likaongeza lake. Binzari nyembamba na kitunguu saumu viliingia. Sosi ya soya iliingia kwa mikono ya Wachina, ambao walianza kupelekwa Peru kufanya kazi za mashambani mwaka 1849 na vizazi vyao vikabaki. Pilipili na majani ya mchuzi ni ya wenyeji wa milimani. Mkaa unaosifiwa ni wa mti wa algarrobo wa pwani ya kaskazini. Mwaka 2004 serikali ya Peru ilimtangaza kuku huyu kuwa urithi wa taifa, na tangu 2010 Jumapili ya tatu ya Julai ni siku yake. Mswisi alileta wazo na mtambo, Waperu wakamtia ladha. Pilau nayo haikuotea Tanga, na hakuna atakayeniambia si yetu.

Kuhusu kijana wako: miaka ya 1980 Waperu wengi walikimbia vita vya waasi wa Sendero Luminoso na bei zilizokuwa zikipanda kila siku, na wengi wao walifika eneo la Washington. El Pollo Rico ya Arlington, Virginia, ilifunguliwa 1988. Siku hizi huko huwezi kwenda mbali bila kunusa mkaa. Mwambie aache kutuma picha, akija likizo akupikie.

*

Shangazi, hongera kwa kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mteja wangu anataka nimtengenezee tanuri la kuzungusha kuku, aweke mbele ya kibanda chake cha chipsi. Ameniletea video tu. Nianzie wapi, na nini nisikosee?
Fundi, Mbagala Rangi Tatu

Fundi, barua yako imenifurahisha sana. Kazi ya Ulrich ndiyo hii hii, na wewe una mikono ya kuifanya. Mimi ni mpishi, si fundi, kwa hiyo nitakueleza moto unavyotakiwa kufanya kazi, vipimo utavipanga mwenyewe na mteja wako.

La kwanza ni afya ya watu, na wewe unalijua kuliko mimi: usitumie bomba wala bati la mabati, lile lililopakwa zinki, mahali popote panapopata moto au kugusa nyama. Unajua moshi wake unavyokufanya ukilichomelea. Vyuma vya kuchomekea kuku viwe vya stenlesi. Ni ghali, lakini ukitumia chuma cha kawaida kitashika kutu kwa sababu ya chumvi, na nyama itanata. Wala usipake rangi ndani ya tanuri.

La pili, mkaa usikae chini ya kuku. Uweke nyuma au pembeni, kwenye kitoroli chenye matundu ya hewa, na chini ya kuku weka sinia la kukingia mafuta linalochomoka ili lisafishwe kila siku. Mafuta yakidondokea mkaa yanawaka, kuku anakuwa mweusi nje na mbichi kwenye mfupa. Hilo ndilo linalotofautisha kuku wa kuzungushwa na kuku wa kuchomwa juu ya wavu: anaiva kwa joto linalomjia ubavuni na kwa joto la kuta. Ndiyo maana matanuri mazuri hujengwa kwa tofali za moto ndani, maana kuta zinashika joto na mkaa haumalizwi. Wekea bomba la moshi lenye kifuniko cha kufungulia na kufungia, mpishi aweze kutuliza moto.

Mzunguko uwe wa taratibu, mizunguko michache tu kwa dakika, na usisimame. Nimeona mafundi wa kwetu wakitumia mota ya waipa ya gari na betri yake. Kwa kuku wachache inabeba. Kwa tanuri la vyuma vingi tafuta mota yenye gia ya kazi hiyo. Muhimu ni kwamba umeme ukikatika, na Mbagala unakatika, kuwe na mpini wa kuzungusha kwa mkono. Tanuri likisimama na kuku wamejaa, upande mmoja utaungua kabla mteja hajajua afanye nini. Na kila chuma kipangwe uzito sawa pande zote, kidari hiki juu, kile chini, la sivyo kitapanda kwa shida na kuanguka kwa kishindo, na mota haitadumu.

Mwambie mteja wako anunue kuku wa kisasa wa kilo moja na robo hivi, wote wa ukubwa mmoja, ili waive pamoja. Kuku wa kienyeji nampenda kuliko mtu yeyote, lakini si wa tanuri hili. Nyama yake inahitaji muda mrefu kwenye mchuzi, hapa atakauka tu. Kuwalowesha: kwa kila kilo ya kuku, chumvi gramu 15, ambayo ni kama vijiko viwili na nusu vya chai vilivyosawazishwa, kijiko cha chakula cha binzari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, vitunguu saumu vilivyotwangwa, pilipili manga, ndimu moja na vijiko viwili vya chakula vya sosi ya soya. Aingize mkono kati ya ngozi na nyama, apake ndani, alaze kwenye friji usiku kucha. Chumvi hiyo inatosha, asiongeze tena asubuhi. Na anunue kipimajoto cha nyama. Kikichomwa kwenye paja, karibu na mfupa bila kuugusa, kisome nyuzi 74 au zaidi. Kibanda kikimpa mtu mmoja kuku mbichi, mtaa mzima utajua kabla ya jioni.

*

Bi Shangazi, as-salaam alaykum. Nasoma mnasifu kuku wa Peru kama kwamba kuku hakuzungushwa popote isipokuwa huko. Sisi Muscat tuna shawaya kila mtaa, anatoka na wali wake, mchuzi wa kitunguu saumu na achari, na ni halali bila kuuliza. Mbona hamtuandiki?
Msomaji, Ruwi

Wa alaykum salaam. Una haki yako. Shawaya wa Ghuba ni kuku mwenye heshima zake, na huyo unaweza kumla usiku wa manane ukitoka safari. Tofauti kubwa ni moto: mitambo mingi ya huko ina vichomeo vya gesi nyuma na kioo mbele, kwa hiyo harufu ya mkaa haipo, lakini ngozi inaiva sawasawa na kila siku ni ile ile. Gesi haitegemei mpishi aliyelala vizuri. Mkaa unamtegemea. Mimi ukiniuliza nachagua mkaa, ila wali ule ulioshika mchuzi wa kuku chini ya sahani, Waperu hawana kitu cha kushindana nao. Kwa mgeni anayeingia mara ya kwanza, ushauri ni ule ule niliompa binti wa Wheaton: kaa ndani, chagua saa ya watu wengi, na tazama kuku anavyoshushwa.

*

Shangazi, mimi nililelewa na kuku wa kioo wa Nairobi, yule anayezunguka dirishani ukipita njaa inakumaliza. Dada yangu aliyerudi kutoka Marekani ananisumbua na mchuzi wa kijani wa Peru, anasema bila majani fulani hauwi. Majani hayo nitayatoa wapi?
Mama wa watoto watatu, Limuru

Mama, inawezekana unayang'oa kila msimu ukiyatupa. Majani anayoyasema dada yako huitwa huacatay, na mmea wenyewe ni *Tagetes minuta*, ule unaoota wenyewe kwenye mashamba ya huko kwenu, mrefu, wenye maua madogo ya njano na harufu kali inayobaki mkononi. Wakikuyu huuita mubangi. Umetoka Amerika ya Kusini ukaenea nyanda za juu za Afrika Mashariki, na hata Arusha umejaa. Kama huna hakika ni wenyewe, muulize mzee anayejua mimea ya shamba lenu kabla ya kuchuma. Usichume palipopigwa dawa, wala kando ya barabara. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine.

Chukua majani machanga matano au sita tu, harufu yake ni nzito na yakizidi mchuzi unakuwa mchungu. Yaoshe. Weka kwenye blenda pamoja na fungu moja la dania, pilipili mbili za kijani zilizotolewa mbegu, punje mbili za kitunguu saumu, maji ya ndimu moja na chumvi kidogo. Saga mpaka vilainike, kisha tia vijiko vinne vya chakula vya mayonezi na usage tena kidogo. Ukiwa mzito ongeza kijiko cha maji. Onja baada ya dakika kumi, si pale pale, kwa sababu ukali wa kitunguu saumu unapanda taratibu. Watoto wapunguzie kwa mayonezi zaidi kwenye bakuli lao. Uliobaki ufunike, uweke kwenye friji, na usipite siku tatu. Dada yako akisema haufanani na wa Marekani, mwongezee pilipili moja.